Maabara ya feni ianze na chumba

Ukiona orodha ya manunuzi ya maabara inayotaka kupima feni za nyumbani, juu kabisa utakuta anemomita, yaani kipima kasi ya upepo, chini yake kipima umeme cha bei mbaya, halafu kompyuta. Chumba kinatajwa mwishoni, au hakitajwi kabisa, kwa sababu eti kuna ukumbi ambao hautumiki. Mimi ningeigeuza orodha hiyo juu chini.

Feni ya dari haitoi hewa popote, inaizungusha tu. Hewa inashuka, inagonga sakafu, inatambaa hadi ukutani, inapanda na kurudi juu ya mapanga kusukumwa tena. Kwa hiyo namba unayosoma ni ya feni na chumba kwa pamoja. Sogeza ukuta mmoja karibu, shusha dari, acha dirisha wazi au kiyoyozi kikiwaka, na feni ileile itakupa jibu jingine. Ndiyo maana kanuni za upimaji zina ukali kuhusu chumba. Marekani, kwa mfano, feni za dari zenye kipenyo kisichozidi inchi 84 hupimwa katika chumba cha futi 20 kwa 20, dari ikiwa futi 11, na vihisi vya upepo vikikaa inchi 43 kutoka sakafuni. Ukumbi wa mikutano wenye nguzo katikati hauwezi kujifanya chumba hicho, hata ukifunga vihisi vya dhahabu.

Kuna jambo la hesabu ambalo wengi hawalipi uzito. Kasi ya upepo hupimwa kwa vituo kuanzia katikati ya feni kwenda nje, kisha kasi ya kila kituo inazidishwa kwa eneo la pete yake, yaani mkanda wa mviringo unaopita kwenye kituo hicho kuzunguka katikati. Chukua pete zenye upana wa sentimita 10. Ile iliyo sentimita 10 kutoka katikati ina eneo la mita za mraba 0.06 tu, iliyo sentimita 80 ina karibu nusu mita ya mraba. Ukikosea kasi kwa mita 0.1 kwa sekunde kwenye pete ya ndani, umepoteza chini ya nusu mita ya ujazo kwa dakika. Kosa hilohilo kwenye pete ya nje ni mita za ujazo 3. Na huko nje ndiko upepo ulikolegea, mahali ambapo anemomita ya panga inaanza kusitasita kwa msuguano wa ekseli yake. Yaani kifaa ni dhaifu palepale ambapo hesabu inakitegemea zaidi. Mkondo wowote wa hewa kutoka chini ya mlango unaingia moja kwa moja kwenye pete hizo.

Baada ya chumba, umeme. Nguvu ya kuzungusha mapanga hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: mzunguko ukiongezeka asilimia 5, nguvu inaongezeka karibu asilimia 16. Volti zikipanda na kushuka wakati wa kupima, unapima gridi, siyo feni. Stabilaiza nzuri si anasa hapa. Mota nayo iachwe ipate moto mpaka mzunguko wake utulie, hata kama mteja amekaa nje anaangalia saa.

Feni za kisasa zenye mota isiyo na brashi zimeleta mtego mwingine. Mkondo wake wa umeme una umbo lililovurugika, kwa hiyo kuzidisha volti kwa ampia hakutoshi. Volti 230 mara ampia 0.25 ni 57.5, lakini pawa fakta, yaani sehemu ya zao hilo ambayo ni nguvu halisi, ikiwa 0.6, wati halisi ni 34.5. Fundi mwenye mita ya kawaida ataiandika feni bora kuwa mbovu, kwa sababu alama inayolinganisha feni ni mita za ujazo kwa dakika zinazopatikana kwa kila wati. Hapo kipima umeme cha bei mbaya kinastahili fedha yake.

Usalama, yaani mishtuko ya umeme, joto la koili na walinzi wa mapanga, una kiwango chake cha kimataifa, IEC 60335-2-80, na maabara changa isijitwishe mizigo yote miwili, wa kupima upepo na wa usalama, mwaka wa kwanza. Kelele pia isubiri. Inataka chumba cha aina nyingine.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakigharimu sana: feni moja iliyochaguliwa, ikafungiwa kabatini, isitumike kwa jambo lolote ila kupimwa mara kwa mara. Jibu lake likianza kuhama, kuna kitu kimebadilika chumbani, kwenye vifaa au mikononi mwa mpimaji. Ipeleke na kwenye maabara nyingine. Majibu yakitofautiana, kagueni vyumba kwanza kabla ya kulaumiana kuhusu anemomita.

ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, toleo la 2017, inaitaka maabara ikadirie mashaka ya vipimo vyake, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kuwa limepotoka, na hapa ndipo wenye feni hukasirika. Feni moja imetoa mita za ujazo 214 kwa dakika, nyingine 218, na mashaka ni 8 juu au chini. Mwenye 218 atataka cheti kinachosema yake inashinda. Vipimo hivyo havitoshi kusema hivyo, na ripoti iliyosainiwa haina budi kumwandikia hilo, hata akitishia kuhamia maabara nyingine.