Kilomita Sita kwa Saa

Daladala nimeendesha miaka 26, Mbagala–Kariakoo, na katika miaka yote hiyo sijawahi kupitwa na bata. Bodaboda wamenipita, misafara ya wakubwa imenipita, siku moja pale Mtoni nilipitwa na mkokoteni wa maji uliomponyoka mwenyewe. Ila bata, hapana. Bata nilikuja kupitwa naye Ufaransa, mwezi wa sita, mchana kweupe, mama watoto anaangalia. Tena akageuka kunitazama.

Chanzo ni binti yangu. Kaolewa huko, anakaa Paris. Akapiga simu: "Baba, njooni mpumzike. Mkwe wako kakodi boti, tutatembelea mashamba ya mizabibu, tutakula, tutakunywa, na wewe ndiye utakayeendesha." Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Nikajiona kichwani napasua maji kama zile boti za Zanzibar. Nikaenda Kariakoo kununua miwani ya jua.

Boti tukaichukulia mji unaoitwa Clamecy, tukaiacha Auxerre. Mfereji wenyewe jina lake Nivernais, una kilomita 174, na kipande chetu sisi kilikuwa kilomita kama 60. Nikauliza: baada ya hizo 60 tunaelekea wapi? Hatuelekei popote. Ndizo za wiki nzima. Jamani, 60 si Dar na Bagamoyo! Mtu anakwenda asubuhi, anakula pweza, jioni yuko kwake anaangalia taarifa ya habari.

Nilibeba leseni yangu, daraja C, safi, haina hata doa. Kijana aliyetukabidhi boti hakutaka kuiona. Boti za kukodi kule hazihitaji leseni; unaelekezwa kidogo, hiki usukani, hiki cha kurudi nyuma, safari njema. Halafu akanyoosha kidole kwenye kibao: mwisho kilomita 6 kwa saa. Nikadhani sifuri imefutika.

Na chombo hakina breki. Ukitaka kusimama unarudi nyuma. Ukikata usukani hakikuitikii hapo hapo, kinatafakari kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani. Ukishakata tamaa ukarudisha usukani, ndipo kinakumbuka ulichosema mwanzo. Saa ya kwanza nimechora herufi S kutoka ukingo huu hadi ule, na mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa pembeni akatusindikiza kilomita nzima. Ilibidi apunguze mwendo.

Mkwe, ambaye ni Mfaransa na ana maelezo kwa kila kitu, akaniambia njia hii ya maji ilianza kuchimbwa mwaka 1784 kwa ajili ya kuni. Paris ilikuwa inaota moto wa misitu ya huku, ya Morvan, na wanaume wa Clamecy walikuwa wanafunga magogo na kuyaelesha mtoni mpaka mjini. Nikajisemea moyoni, kumbe hapa hata gogo lilikuwa na haraka kuliko mimi.

Sasa mizani. Wao hawaiiti mizani, wanaiita écluse, lakini dereva yeyote wa Tanzania akiiona ataijua. Unaingiza boti kwenye chumba cha mawe, geti la nyuma linafungwa, mzee wa geti anazungusha mpini, maji yanapungua, mnashuka nayo kama mmo kwenye lifti, halafu geti la mbele linafunguliwa. Mnaendelea dakika kumi, mizani nyingine. Nilipofika ya 20 nikaacha kuhesabu. Ya kwanza kabisa nilifunga kamba kwa fundo langu lile la kufungia magodoro kwenye keria. Maji yakashuka, boti upande mmoja ikabaki inaning'inia kwenye kamba, sahani zote kabatini zikahamia kwa mama watoto. Yule mzee alipiga kelele ambazo hazikuhitaji mkalimani. Kumbe kamba unaishika mkononi, unailegeza taratibu. Tulipotoka salama nikaingiza mkono mfukoni, unajua tena mazoea, nimpooze. Binti yangu akanishika kiwiko. "Baba! Huyo siyo trafiki!"

Na saa sita mchana mizani inafungwa. Mpaka saa saba. Mzee wa geti anakula. Siku ya pili tulifika saa sita kasoro mbili, namuona kwa macho yangu anavua glavu. Nikapiga honi. Akanipungia mkono, akaingia ndani, akatoka na sahani na chupa akakaa chini ya mti. Mimi kwenye kazi yangu nimekula mihogo kwa mkono mmoja huku nakata kona ya Bendera Tatu kwa mkono mwingine, miaka 26, na tumbo langu halijawahi kulalamika. Saa saba na dakika moja alirudi, anatabasamu, akatuuzia mayai na saladi ya bustani yake.

Lakini yote hayo ni kheri. Msiba wangu ulikuwa choo. Boti ina choo kidogo kama kibanda cha luku, ukuta wake mbao nyembamba, na upande wa pili ndipo analala mkwe. Ukimaliza kuna mpini unapampu, huku na huku, mara ishirini, kwichi kwachi, kwichi kwachi. Mfereji mzima umelala kimya, na baba mkwe anapampu. Sisi mkwe unakutana naye sebuleni, umevaa shati, mnaulizana habari za kazi. Siyo hivi. Na kwa kuwa Kiswahili chake chote ni neno moja, kila nilipofungua mlango wa choo nilimkuta kasimama, adabu tele: "Shikamoo, Baba."

Marahaba.

Tukafika kwenye mvinyo. Kutoka kijiji cha Vincelles ukipanda baiskeli unafika Irancy, kijiji kimekaa ndani ya bakuli la vilima, mizabibu imekizunguka mpaka dirishani. Mkwe akaokota jiwe shambani akanionyesha: limejaa vichaza vidogo, kila kimoja kama ukucha, vya miaka milioni 150 iliyopita, zama huku kote kulipokuwa bahari. Hapo nilimvulia kofia. Kisha tukaingia kwa mkulima, mama mtu mzima, akanimiminia mvinyo mwekundu kidogo sana, kiasi cha dawa ya kikohozi, akaniwekea na ndoo.

Ndoo ya nini? Nikamtazama mkwe. Akanusa, akatikisa, akapiga funda, akasukutua kama anayepiga mswaki. Halafu akatema! Kwenye ndoo! Pombe nzima haina hata nzi! Mimi mtu wa Kibosho. Kwetu mzee akimwaga tone la mbege chini, ni la waliotangulia, na wanalipokea. Hii ya ndoo anapokea nani? Nikameza yangu. Nikameza na ya mama watoto. Kurudi, baiskeli yangu ndiyo iliyokuwa inachora S.

Kesho yake tukaingia mapango ya Bailly, machimbo ya zamani ya mawe yaliyokwenda kujenga Paris, sasa yamelazwa chupa za mvinyo wa mapovu hadi macho yanachoka. Nikasema, "Ahaa, shampeni!" Kimya. Binti yangu akaninong'oneza kuwa shampeni ni ya mkoa wa Champagne peke yake, hii inaitwa Crémant. Nikaelewa haraka, ni sawa na kumwambia mtu wa Machame kwamba ni wa Kibosho.

Chakula nisiseme uongo, kilinichanganya. Niliagiza kitu kinaitwa andouillette kwa kusoma tu jina tamu. Ikaja soseji, nikaikata, ndani ni utumbo wa kitimoto, umefungwa ndani ya utumbo. Mama watoto akaonja akasema wangeupitishia ndimu na tangawizi ungekuwa mbali sana. Konokono wakaja sita kwenye sahani yenye mashimo, wanaelea kwenye siagi, vitunguu saumu na majani ya parsley, pamoja na koleo la kuwakamatia. Kwetu migombani hawa tunawamwagia chumvi. Mkwe akakiri kwamba wengi siku hizi wanaagizwa kutoka Ulaya Mashariki. Yaani konokono kavuka mipaka yote hiyo akafika mezani, na mimi kutoka Clamecy bado niko njiani.

Ila jibini moja, Époisses, laini, inaoshwa kwa pombe kali ya makapi ya zabibu, inanuka soksi za konda siku ya mvua. Usiku wa kwanza niliitupa sitahani. Usiku wa tatu nilimaliza kiboksi kizima kwa siri, gizani, na mkate.

Nilirudi na moja begini, mifuko mitano juu yake na kanga mbili za mama watoto, ambazo mpaka leo hazijaruhusiwa kurudi sandukuni. Nikaifungulia kijiweni Rangi Tatu. Konda wangu wa zamani akageuza viatu kuangalia soli. Dereva mmoja akajipa moyo, akachota kwa kidole, akatia mdomoni, macho yakamtoka, akaanza kutafuta pa kukimbilia.

Nikavuta ile ndoo ya kuoshea magari nikaiweka katikati. "Temea humu," nikamwambia. "Wenyewe ndivyo wanavyoonja."