Dawa ya akili haitolewi kimya kimya

Kijana alirudi siku ya tatu. Baba yake mdogo alikuwa amembeba mgongoni kutoka pale bodaboda ilipowashusha. Shingo ilikuwa imepinda kuelekea bega la kushoto, macho yamegeukia juu yakaganda huko huko, ulimi umetoka nje na hawezi kuurudisha. Mama yake alikuwa pembeni na ncha ya kanga akimfuta mate. Kabla ya kuja kwetu walikuwa wameshapita kwa mganga, na siwalaumu. Mtaani kwetu mtu akigeuka shingo namna ile huku macho yanatazama dari, neno ni moja tu: amepandisha.

Ilikuwa ni haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, tuliyomchoma sisi wenyewe. Akapewa sindano ya promethazini, na nusu saa haijaisha shingo ikanyooka, akaomba maji. Mama akanigeukia taratibu, wala hakupaza sauti: "Sista, kumbe mlikuwa mnajua? Mbona hamkutuambia?"

Tulikuwa tunajua. Hakuna muuguzi aliyepita darasani asiyejua kwamba haloperidoli inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho, kwamba hutokea zaidi siku chache za mwanzo, na kwamba wanaopatwa zaidi ni vijana wa kiume. Yule alikuwa kijana wa kiume aliyeanza dawa juzi. Mimi ndiye niliyempa ndugu yake pakiti za vidonge, nikamwonyesha tarehe ya kurudi kwenye kadi na kumwambia "asiruke dozi". Basi.

Msimamo wangu tangu siku ile ni huu: kwa dawa za akili na za kifafa, maelezo ni sehemu ya dozi. Ukitoa kidonge ukabaki na maelezo, umetoa dozi pungufu, hata kama miligramu zimetimia.

Nimebishana na wenzangu kuhusu hili. Hoja yao ni kwamba ukimtajia mgonjwa maudhi yote ataogopa, hatameza. Naielewa hoja hiyo, ila ninayoyaona kwenye kliniki yanakwenda kinyume chake. Mgonjwa wa malaria humeza dawa siku tatu akapona. Wa amitriptilini, dawa ya sonona, hukauka mdomo, hulemewa na usingizi na kufunga choo tangu usiku wa kwanza, ilhali nafuu ya moyo inakuja baada ya wiki mbili, pengine nne. Maudhi yanatangulia, faida inafuata nyuma. Asipoambiwa hivyo, ataacha wiki ya kwanza, na jirani atakayemuuliza atajibiwa kwamba dawa za hospitali zinamfanya mtu zuzu. Aliyeambiwa husema, "Sista, ule mdomo mkavu uliousema umekuja," na anaendelea kumeza.

Kuna udhi moja linaloniumiza kuliko mengine kwa sababu sisi wenyewe hulisoma vibaya. Mgonjwa aliyekuwa anatulia anaanza kutotulia. Anakaa, anasimama, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, miguu haipati pumziko, usiku analala dakika kumi anaamka. Zamu inaandika "ugonjwa umerudi, mgonjwa anahangaika", dozi inaongezwa, naye anahangaika zaidi. Mwulize swali moja tu: hangaiko hili liko kichwani au miguuni? Wengi watakushika mkono na kukuonyesha mapaja. Hiyo ni dawa, na daktari apigiwe simu dozi ipunguzwe, si kuongezwa. Nimewahi kumsikia mgonjwa akisema bora afe kuliko miguu ile. Sikuandika "anahangaika". Niliandika maneno yake kama yalivyo.

Na homa. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kipimo kifanyike, sikatai. Lakini mgonjwa aliye kwenye haloperidoli au dawa za jamii yake, kama klopromazini na sindano ya mwezi ya Modecate, akiwa na homa, shika mkono wake uukunje kwenye kiwiko. Ukiwa mgumu kama bomba la risasi, anatoka jasho, presha inapanda na kushuka, na maneno yake hayaeleweki, dawa hiyo isimamishwe na apelekwe hospitali kubwa saa ile ile. Hali hiyo huua. Kuukunja mkono hakuchukui hata dakika.

Upande wa kifafa, kinachonikera ni jinsi tunavyowahudumia wanawake. Kliniki ya kifafa ina mlango wake, uzazi wa mpango una mlango wake, na milango hiyo miwili haizungumzi. Dada anameza kabamazepini asubuhi na jioni, na mkononi ana kijiti alichowekewa mlango wa pili. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huharakisha ini kuvunja homoni za kijiti na za vidonge, kinga inapungua, naye anakuja ana mimba na mume anamtilia shaka. Sindano ya Depo na kitanzi cha shaba havidhuriki na dawa hizi. Ilihitaji mtu mmoja tu amwulize, "Dada, unatumia njia gani?"

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ni mbaya zaidi. Mimba ikiingia mama akiwa anaimeza, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, au akazaliwa mzima na baadaye akachelewa kuongea na kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kuwaanzishia wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Aliye nayo tayari asiiache ghafla akiwa nyumbani, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo asizinduke kati ya shambulio moja na jingine. Aje, azungumze na daktari, abadilishiwe kwa mpangilio. Na anayetumia ARV zenye dolutegraviri aseme, hata kama anaona aibu kulisema dirishani: kabamazepini huipunguza nguvu, na kwa kawaida dolutegraviri hiyo inabidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja.

Mengine nayasema kwa ufupi wakati nahesabu vidonge. Fenitoini huvimbisha fizi, piga mswaki kwa bidii. Klopromazini hukufanya uungue na jua, kwa hiyo mkulima avae kofia na mikono mirefu, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Kabamazepini ikileta vipele wiki za mwanzo, hasa vikiwa pamoja na vidonda mdomoni au macho mekundu, usimeze kingine, njoo leo.

Mwezi wa Ramadhani uko peke yake. Wagonjwa wangu wengi hufunga, na hawaniambii kwa sababu wanadhani nitawakataza. Fenobabitoni hukaa mwilini siku kadhaa, na dozi moja ya usiku inatosha, kwa hiyo anayeimeza baada ya futari hana tatizo la dawa. Usingizi ndio wa kuangalia, maana kukesha huamsha kifafa. Anayetumia lithiamu, dawa ya wale ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, hali yake ni tofauti kabisa: maji yakipungua mwilini, dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu, na dalili zake ni kutetemeka sana, kuhara na kuyumba kama mlevi. Huyo aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Lipo jambo moja ambalo silisemi kwa mgonjwa peke yake. Aliyewahi kutamka kwamba anataka kufa simpi amitriptilini ya miezi miwili mkononi, maana vidonge vyake vingi kwa pamoja husimamisha moyo. Nampa za wiki, na pakiti anaishika dada au mama. Tena wiki ambazo nafuu inaanza ndizo za kukaa naye karibu zaidi, kwa kuwa nguvu za mwili zinaweza kurudi huzuni ikiwa bado ipo.

Najua foleni ilivyo. Asubuhi benchi limejaa hadi uani, muuguzi ni mmoja, na dawa ya mwezi huu huenda haijafika. Kwa hiyo sidai mihadhara. Kadi ya kliniki ina nafasi ya jina la dawa, ya kipimo na ya tarehe ya kurudi. Naomba iongezwe nafasi ya nne: ameambiwa nini, na nani amemwambia. Mimi nimeshaanza kuiandika kwa peni chini ya kipimo. Kadi ya yule kijana ina maneno haya: "Shingo ikikaza, macho yakipanda juu, ni dawa. Mpe Artane kimoja, mlete." Artane ni kidonge cha kulegeza mkazo huo. Mama yake hajui kusoma, ila baba mdogo anajua, na amemkaririsha.