Richard Childress na Kiti Alichomwachia Mwenzake

Richard Childress aliendesha gari katika mbio 285 za daraja la juu la NASCAR, mashindano makubwa ya magari nchini Marekani, na hakushinda hata moja. Wanaosimulia habari zake huipita haraka sehemu hiyo, wakikimbilia vikombe alivyovipata alipokuwa mmiliki wa timu. Mimi naamini kwamba bila miaka ile mikavu vikombe hivyo visingekuja, na kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha yake ya mbio ulikuwa ule wa kushuka garini.

Alizaliwa mwaka 1945 huko North Carolina, na utotoni aliuza karanga na bisi katika uwanja wa Bowman Gray, mjini Winston-Salem. Gari lake la kwanza la mashindano lilikuwa Plymouth ya mwaka 1947, aliyoinunua kwa dola 20. Nafasi ya kuingia daraja la juu aliipata Talladega, Alabama, mwaka 1969, pale madereva wenye majina walipogoma kwa kuwa matairi hayakuweza kuhimili kasi ya uwanja ule mpya. Sioni haja ya kulipamba jambo hilo: waliogoma walikuwa wakitetea uhai wao, naye aliingia kwa mlango waliouacha wazi.

Baada ya hapo alikuwa dereva wa kujitegemea kwa zaidi ya miaka 10. Dereva wa aina hiyo hakuwa na kampuni ya magari ya kumbeba. Ndiye aliyekuwa mwenye gereji, ndiye aliyetafuta wadhamini, ndiye aliyehesabu matairi anayomudu kununua, na akiligonga gari ukutani, hasara ilikuwa yake na kazi ya kulitengeneza ilikuwa yake. Alimaliza katika 10 bora mara 76, tena kwa gari ambalo mara nyingi halikuwa na nguvu ya kuwafukuza waliotangulia. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kulitazama gari kwa macho ya mwenye mali na ya fundi kwa pamoja.

Mwezi Agosti 1981 alipokuwa na umri wa miaka 35, alimpa usukani Dale Earnhardt, bingwa wa mwaka 1980, ambaye timu yake ilikuwa imeuzwa katikati ya msimu. Kumkabidhi mwenzako kiti ambacho umekitolea jasho kwa miaka yote hiyo, huku ukikiri kimoyomoyo kwamba yeye anakiweza kuliko wewe, si jambo jepesi. Lakini lililonigusa zaidi ni lililofuata. Msimu ulipokwisha, Childress alimshauri Earnhardt aende kwingine, kwa sababu timu yake mwenyewe ilikuwa bado haijaweza kumpa gari linalolingana na kipaji chake. Wamiliki wangapi wangemwachia bingwa aondoke kwa sababu hiyo? Yeye alibaki akiijenga timu; dereva Ricky Rudd akaipatia ushindi wa kwanza huko Riverside, California, mwaka 1983, na mwaka 1984 Earnhardt akarudi. Wawili hao walitwaa ubingwa mara 6 kati ya mwaka 1986 na 1994, na mwaka 1998 wakashinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, zilizokuwa zimemponyoka Earnhardt kwa miaka 20.

Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona hiyohiyo, Earnhardt alifariki katika ajali. Childress aliiweka kando namba 3, iliyokuwa ya gari la Earnhardt, akampa dereva Kevin Harvick gari jeupe lenye namba 29, na katika mbio zake za tatu tu Harvick alishinda huko Atlanta.

Namba 3 ilirejea daraja la juu mwaka 2014 ikiwa na Austin Dillon, mjukuu wa Childress, na baadhi ya mashabiki walinung'unika kwamba ingepaswa kuachwa milele kwa heshima ya marehemu. Naelewa uchungu wao, lakini siafikiani nao. Kabla ya Earnhardt kuipa utukufu, namba hiyo ilikuwa ubavuni mwa gari la Childress mwenyewe, katika misimu ile ambayo hakushinda kitu.