Simu ya Gundi: Nani Anafaidika Mtwara?

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba, na malipo yakaanza kuingia benki, maduka ya simu ya Masasi, Newala na Tandahimba huchangamka. Kuna anayenunua bati, kuna anayelipia bodaboda, na kuna anayeona umefika wakati wa kuachana na kitochi. Huyu wa mwisho akifika kaunta ana maswali mawili: "Kaka, hii inakaa na chaji?" na "Kamera yake ikoje?" Unene wa simu kwa milimita hauulizwi.

Lakini milimita ndizo zilizotawala mazungumzo ya watengenezaji mwaka 2025. Samsung ilileta Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8. Miezi michache baadaye Apple ikajibu kwa iPhone Air, milimita 5.6. Ili kufika huko betri ilibidi ipungue: ya kwanza ina mAh 3,900 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) na ya pili mAh 3,149, wakati simu nyingi za Tecno na Infinix zinazouzwa hapa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo zina mAh 5,000.

Ni rahisi kucheka. Ila mnunuzi naye ana lake. Mwekee mezani simu mbili za bei moja, moja nene yenye betri kubwa, nyingine nyembamba inayong'aa mgongoni. Ataishika ile nene, ataipima mkononi, ataisifu, kisha ataondoka na inayong'aa. Simu huku inaonekana harusini, inaonekana kwenye ngoma, inawekwa juu ya meza mkiwa mnakunywa soda. Transsion, kampuni ya Shenzhen inayomiliki Tecno, Infinix na itel, ilijijenga Afrika kwa kulielewa hilo: kamera zilizorekebishwa zitoe vizuri picha za watu weusi, laini mbili, betri ya kutosha, na sura inayofanana na simu ya ghali. Mtengenezaji huhesabu kilichotoka dukani, na maneno yetu ya kaunta hayamo kwenye hesabu yake.

Tena wembamba si adui wa chaji siku zote. Betri za kizazi kipya, zinazochanganya silikoni na kaboni, zinabeba umeme mwingi zaidi katika nafasi ileile, na simu za kawaida zenye mAh 6,000 au 7,000 sasa zipo. Kwa hiyo wembamba haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni gundi.

Zamani ulifungua mfuniko kwa ukucha. Betri ikichoka ulinunua nyingine, ukaiweka mwenyewe palepale dukani. Simu ikiganda, ulitoa betri ukairudisha. Leo mgongo umebandikwa, betri nayo imebandikwa ndani. Watengenezaji wana hoja zao, na si za kupuuza. Betri ya kutoa na kuweka inahitaji ganda gumu la kuilinda, na ganda hilo linakula nafasi ambayo ingejazwa chaji. Mfuniko wa kubandua huleta nyufa, na kwenye ufa ndimo maji na vumbi hupita. Kwa mvuvi wa Mikindani, au abiria wa kivuko cha Msangamkuu aliyeweka simu mfuko wa shati, hoja ya maji ina uzito kuliko inavyoonekana ukiwa ofisini.

Ila tuiangalie vizuri hiyo kinga. Kiwango kinachotangazwa kwenye simu za bei ya juu ni IP68: vumbi haliingii, na simu inavumilia kuzama kwenye kina kinachozidi mita moja kwa muda aliotaja mtengenezaji. Majaribio yenyewe hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni habari nyingine. Yakibaki kwenye tundu la chaji, kutu haichelewi. Na zaidi ya hapo, simu inayonunuliwa kwa wingi huku haina IP68. Nyingi za bei ya chini zinaahidi kuvumilia matone tu, nyingine haziahidi chochote, na bado zimebandikwa gundi vilevile. Hapo ndipo ninapoona mnunuzi wa Lindi na Mtwara amepunjwa: anabeba hasara ya simu iliyofungwa bila kuipata faida iliyotumika kuihalalisha.

Wala si kweli kwamba haiwezekani kuwa na vyote viwili. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa kidole na kinga ya maji na vumbi ya IP67, ngazi moja chini ya IP68, kwa pamoja. Ilikuwa nene kidogo, na mfuniko wake wa plastiki haukumpendeza kila mtu. Kwa hiyo tunazungumzia gharama na sura, na mtengenezaji angesema hivyo waziwazi tungeelewana.

Hasara yenyewe inaonekana kwenye meza ya fundi. Betri hizi huchakaa kwa kuchajiwa mara nyingi, na joto huzimaliza haraka zaidi. Dereva wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani juani kutwa nzima anaijua habari hiyo. Ikivimba, fundi apashe mgongo joto, apenyeze kipande cha plastiki, ainyanyue betri bila kuitoboa, maana ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Mafundi wetu wanaiweza kazi hiyo. Shida ni betri ya kuweka: halisi ni adimu, ya kuiga haieleweki itadumu hadi lini. Aliyeko Liwale au Nanyumbu anajumlisha na nauli ya kwenda mjini na kurudi, na akimaliza hesabu anaona bora simu nyingine. Muuzaji hachukii hesabu hiyo.

Tundu la hedifoni nalo lina kesi yake. Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wengine wakawafuata, kwa hoja ya nafasi na ya maji. Mjini, mwenye hedifoni za blutuu hakosi kitu, isipokuwa ameongeza kifaa kingine cha kuchaji. Lakini kwenye simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa hedifoni ndio antena. Ukiondoa tundu, mara nyingi umeondoa na redio. Mei 2024 tuliona maana yake: mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika na mtandao ukadorora. Siku kama hizo redio haiombi bando. Hata siku za kawaida, shabiki wa Namungo aliye shambani anataka matokeo bila kumaliza MB. Nawapa sifa watengenezaji wa simu za bei nafuu: wengi wao wamelibakiza tundu, na baadhi wameweka redio isiyohitaji waya.

Hili la kuondoa kadi ya laini ndilo ningelipinga kwa nguvu zaidi. iPhone Air haina kabisa tundu la laini. Ni eSIM tupu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu isiyochomolewa. Wanaoitetea wanasema mwizi hawezi kuichomoa laini ili simu isipatikane, na kwamba unaweza kuhifadhi laini kadhaa kwenye simu moja. Sawa. Sasa fikiria simu imezima, umeme umekatika, na kuna pesa ya kumtumia mgonjwa aliyeko Ndanda. Leo unachomoa laini, unaiweka kwenye kitochi cha jirani, unapiga menyu, pesa inakwenda. M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas zote zinafanya kazi kwenye kitochi. eSIM kuihamisha kunataka simu inayoikubali na, kwa kawaida, intaneti, vitu viwili ambavyo siku ya shida ndivyo hukosekana.

Simu za kukunja nazipita haraka. Galaxy Fold ya 2019 ilicheleweshwa kutoka Aprili hadi Septemba baada ya vioo vya simu za majaribio kuharibika, uchafu kupenya chini ya kioo ukiwa mojawapo ya sababu. Zimeimarika tangu hapo, lakini kwa mchanga wa pwani yetu, na kwa bei zile, mjadala wake bado.

Je, kuna dalili ya gundi kulegea? Ipo, Ulaya. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka vipuri vya simu viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 sheria ya betri inataka mtumiaji aweze kuibadilisha mwenyewe, ingawa simu yenye kinga ya maji na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 1,000 imeachiwa mlango. Sheria ya Ulaya inaweza kufika hadi Mtwara: USB-C ililazimishwa huko kuanzia Desemba 2024, Apple wakaiweka mapema kwenye iPhone 15, na sasa kila mwenye iPhone mpya anaazima chaja popote. Lakini anayenunua itel asitarajie sana. Soko kubwa la kampuni hiyo ni Afrika na Asia ya Kusini, ambako hakuna aliyeilazimisha.

Nguvu ya kulazimisha si kwamba haipo. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, na simu mpya haziingii sokoni kihalali bila idhini yao. Wakati ule sharti lilikuwa simu iwe halisi. Betri halisi ya kila modeli ipatikane nchini kwa miaka mitano, kwa mfano, lingekuwa sharti jepesi kuliko lile. Wauzaji watasema litapandisha bei, na huenda kweli likaipandisha kidogo; mimi ningekubali kulipa hiyo tofauti kuliko kununua simu nyingine msimu ujao.