Zima hiyo flashi, msogeze mtu kwenye taa

Dada yangu kanitumia picha za besdei ya mama, 43 nzima, na jamani nimezifungua moja moja mpaka nikanuna. Paji la uso la mama linang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, macho mekundu, nyuma yake giza tupu utadhani sherehe tulifanyia kisimani. Na taa zilikuwepo! Nilikuwepo pia, nilimwona mpiga picha mwenyewe, kamera ya maana shingoni, kila akiinyanyua ni pwaa! flashi usoni kwa mtu, kama anamulika mwizi.

Hivi nani alitudanganya kwamba usiku hakuna mwanga? Mwanga upo, ila umekaa sehemu moja. Mchana umemwagika kila mahali, mtu asimame hapa au pale anatoka tu, kwa hiyo tumezoea kumpiga mtu alipo. Usiku hiyo tabia haifai. Usiku unamshika mtu mkono unampeleka taa ilipo, na hapo hatua moja ni kitu kikubwa sana, yaani mtu aliye mita 1 kutoka kwenye balbu akirudi nyuma hadi mita 2 mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Robo! Pale ulipokuwa unapiga kwa ISO 1600, ile namba ya kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga, sasa unahitaji 6400, halafu unalalamika eti kamera yangu ina chenga, vile vipunje kama mchanga kwenye picha. Kamera haina kosa, mwite huyo mtu asogee.

Na akisogea usimweke chini ya taa moja kwa moja, taa ya juu kichwani inachimba mashimo machoni mtu anatoka kama fuvu. Atoke kidogo nje ya taa, aigeukie, ainue kidevu kidogo tu. Tafuta kile kinukta cha mwanga ndani ya macho, ukikiona piga, usipokiona endelea kumgeuza taratibu hata kama anakuona msumbufu. Upande mmoja wa uso ukiingia gizani uache! Kivuli ndicho kinachochora pua na shavu, flashi ya usoni inakuja kuvifuta vyote halafu tunaambiwa picha imetoka safi. Safi ya nini, hata kitambulisho kina uhai kuliko ile. Kivuli kikizidi mwite mtu mwenye shati jeupe asimame upande wa giza, mwanga unarudi kidogo, inatosha.

Mengine madogo. Tundu la lenzi lifungue lote, f/1.8 kama unayo, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, fokasi weka kwenye jicho la karibu. Shata, yaani muda kamera inaofungua kupokea mwanga, usishuke sana chini ya 1/60 ya sekunde kama mkono wako ni wa kawaida, na mwambie mtu atulie. Kamera ikiachwa ijiamulie inataka kugeuza usiku uwe saa sita mchana, ipunguzie mwanga kidogo, hasa nyuma kukiwa na giza kubwa. Zile taa za barabarani za njano kabisa, za sodiamu, usipigane nazo kwenye kuediti, rangi nyingine karibu hazimo kwenye mwanga ule, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe ulale.

Haya, najua mtaniambia watu wakicheza muziki je. Sawa, hapo flashi tumia, nakubali kwa shingo upande, ila ielekeze kwenye dari nyeupe mwanga urudi umelainika, si kumpiga nao mtu machoni. Na wale wa mode ya usiku ya simu, inasaidia, inapiga fremu kadhaa inaziunganisha, ila mtu akitikisika inamchanganya na wakati mwingine inapiga pasi ngozi mpaka mikunjo ya mama inapotea, na mimi ile mikunjo naitaka.

Mwisho wa sherehe watu wameshaondoka mama alikaa kwenye kiti cha pembeni karibu na taa ya mezani anasoma meseji za pongezi. Nilimwita, akageuka, nikapiga moja kwa simu. Sikio moja limemezwa na giza, chenga zipo za kutosha, na ndiyo hiyo kaiweka profaili.

Sasa dada ananiuliza kama naweza kuziediti zile 43. Siwezi.