Damu ya ng'ombe ingetufaa maabara

Nikiwa mwaka wa tatu wa kemia tulisubiri mtungi wa naitrojeni wiki tatu. Tulitaka kutengeneza polima, na ulipofika tukapitisha gesi kwenye chupa nusu saa nzima, vipovu vikipanda kimoja kimoja, tukitoa hewa yote iliyomo. Kisha mwenzetu akachomoa sindano vibaya, hewa ikaingia, kazi ya siku ikafa palepale. Oksijeni hunyakua radikali, ile molekuli yenye njaa ya kuungana inayojenga polima, kabla haijaunganisha chochote.

Polima ni uzi wa shanga, na kila shanga ni molekuli ndogo iitwayo monoma. Upolimishaji wa kawaida wa radikali hutunga shanga kwa fujo, uzi huu mrefu, ule mfupi. Mwaka 1995 Krzysztof Matyjaszewski kule Pittsburgh na Mitsuo Sawamoto kule Kyoto, kila mmoja kivyake, walionyesha namna ya kuituliza fujo hiyo. Ncha ya uzi inafungwa kwa atomu ya klorini au bromini. Metali huifungua kidogo, shanga chache zinaongezeka, inafungwa tena. Hivyo nyuzi zote hukua kwa pamoja na urefu wake hukaribiana. Matyjaszewski alitumia shaba. Shaba hufanya kazi vizuri, lakini hubaki ndani ya polima na kuipaka ukijani, na ukitaka kuitumia kwenye dawa ni lazima uitoe.

Mwaka 2011 kundi la mkemia Nico Bruns, Basel huko Uswisi, na jingine la Singapore walionyesha kwamba vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia ya viumbe hai, vinaweza kushika nafasi ya shaba. Kimoja hutoka kwenye mzizi wa Ulaya wenye ukali unaopanda puani kama haradali. Siri yake ni hemu, ile pete inayobeba chuma katikati. Na hemu ndiyo inayoipa damu wekundu. Baadaye himoglobini, protini ya damu inayobeba hemu hiyo, ikajaribiwa, nayo ikaweza.

Hapo ndipo kemia hii iliponigusa mimi niliyekua nikilala ndani ya chandarua. Kimelea cha malaria hula himoglobini na kuacha hemu, ambayo kwake ni sumu, hivyo huigandisha kuwa fuwele za kahawia zinazoitwa hemozoini. Fuwele hizo nazo zina chuma. Mwaka 2019 kundi la Bruns lilizitumia kama kichocheo ili kupima malaria: hemozoini kutoka kwenye damu yenye vimelea inawekwa kwenye myeyusho wa monoma, polima inajitenga, na maji yaliyokuwa maangavu yanakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Vimelea vikizidi, ukungu huwahi.

Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia zahanati hutafuta protini moja ya kimelea, HRP2. Eritrea na Ethiopia kumepatikana vimelea visivyo na jeni yake, na mgonjwa anaambiwa hana malaria ilhali anayo. Lakini kimelea kinachokula damu hakikwepi kirahisi kugandisha hemu. Kipimo cha hemozoini bado ni cha maabara, sitakikuza kupita kiasi, ila swali lake ni letu kabisa.

Vimeng'enya vina udhaifu wake. Vingine ni ghali, vinataka friji, na urefu wa nyuzi mara nyingi hauwi sawa kama ule wa shaba. Ila kuna kimoja, glukosi oksidesi, ambacho hula oksijeni iliyomo kwenye myeyusho ukikipa glukosi tu. Kwa njia nyingine ya upolimishaji unaodhibitiwa, watafiti wamekitumia kutengeneza polima kwenye visahani vidogo vilivyo wazi hewani, bila mtungi wowote. Nikisoma hayo ninakumbuka wiki zetu tatu na ninaumia. Kwa nini mwanafunzi wa chuo chenye mtungi mmoja afundishwe tu njia inayotaka mitungi kumi?

Mitaala yetu ya kemia ya polima ianzie hapa. Machinjioni kila alfajiri damu ya ng'ombe inamwagwa mtaroni kwa ndoo, nyekundu, ikitoa mvuke kwenye baridi. Himoglobini ndiyo hiyo. Ninataka mwanafunzi mmoja aende pale na chupa safi.