Fundi, usipige Windows kabla hujafungua Task Manager

Nimekasirika, na naandika hasira ikiwa bado ya moto. Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu hapa Majengo, Moshi, alipeleka laptopu yake kwa fundi mjini. Tangu Jumatano asubuhi ilikuwa nzito: feni inavuma bila kupumzika, chini inachoma mkono, Excel inafunguka kwa kusuasua. Fundi akaishika, akasikiliza feni, akatoa hukumu: "Mwalimu, Windows hii imeshakufa. Tupige nyingine." Yaani afute na kuweka Windows upya. Mwalimu akauliza kuhusu vitu vyake. "Usiwe na wasiwasi mwalimu, D hatuigusi."

Ni kweli, D, sehemu ya diski ya kuhifadhia vitu, hakuigusa. Lakini alama za muhula mzima za vidato viwili zilikuwa Desktop, na Desktop ipo ndani ya C, sehemu ileile yenye Windows inayofutwa. Zimekwenda. Sasa hivi mwalimu anakusanya upya madaftari ya wanafunzi, na shule inataka ripoti.

Hakuna aliyefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu gani inakula nguvu ya mashine. Hilo ndilo linaloniuma. Ctrl, Shift na Esc, kisha unabofya kichwa cha safu ya CPU ili anayekula zaidi apande juu. Mashine yangu mwenyewe, asubuhi ileile, ilikuwa inaonyesha TiWorker.exe, kibarua wa Windows anayeweka apdeti, imeshika karibu nusu ya prosesa na diski imeganda kwenye 100%. Steshenari ya jirani nao walikuwa wanalalamika hivyohivyo. Haikuwa bahati mbaya ya watu watatu. Microsoft hutoa apdeti zake Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na huku kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwa hiyo mashine nyingi za hapa zinakutana na mzigo huo Jumatano, watu wanapozifungua kazini. Fundi anayeletewa laptopu nzito Jumatano ya aina hiyo, jambo la kwanza linalopaswa kumjia kichwani ni apdeti.

TiWorker inafungua vifurushi vilivyobanwa, inalinganisha faili moja moja na zilizomo kwenye folda ya WinSxS, ghala la faili za Windows yenyewe, inaweka mpya, halafu inafanya usafi. Defender, kinga ya virusi ya Windows, inakagua kila faili inayoingia. Baadaye programu zinazotegemea .NET, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea programu, zinatayarishwa upya, na hapo ndipo unapoiona mscorsvw.exe nayo ikila prosesa. Kwenye mashine mpya yenye SSD hutahisi kitu. Kwenye hizi yuzdi zetu zenye prosesa ya viini viwili, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, kazi hiyohiyo inakula masaa. Na betri nyingi zimeshakufa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati mashine inazimika palepale. Ikiwaka inarudisha nyuma ilichokuwa imebadilisha, kisha inajaribu tena. Mtu anaona wiki nzima feni inavuma, anaamini kompyuta imeharibika. Mkulima akitoka jasho shambani humkimbizi hospitali.

Sasa tuseme hata mwalimu asingepoteza kitu. Kupiga Windows kungemsaidia nini? Windows aliyowekewa imetoka kwenye fleshi ya fundi, toleo la miaka iliyopita. Mashine ikigusa intaneti tu itaanza kuvuta kila kilichotoka tangu toleo lile litengenezwe. Hizo ni GB kadhaa za bando la mteja. Kisha TiWorker ileile, Defender ileile, na juu yake Search, kitafutaji cha Windows, inaorodhesha upya diski nzima. Ugonjwa uliolipiwa kutibiwa unarudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mafundi wanalijua hili vizuri sana, ndiyo maana wengi kabla hawajakukabidhi mashine wanaingia Services, orodha ya huduma za Windows, na kuizima Windows Update moja kwa moja. Feni inatulia, mteja anasifu, anatoa elfu ishirini yake anaondoka. Hajaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo kila tundu litakalogunduliwa kwenye Windows yake litabaki wazi.

Na hizi si hofu za kufikirika. Mei 2017 WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, kilipozunguka dunia, hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile, MS17-010, kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakuwa wamekiweka. Ukifikiria steshenari zetu, ambako fleshi ya kila mtu inachomekwa kwenye mashine moja, ambako watu wanascani vitambulisho vya NIDA, vyeti na mikataba ya viwanja, kuacha mashine ya namna hiyo bila apdeti ni kuwaweka watu hatarini bila wao kujua. Hapo siwezi kulainisha maneno.

Nakubali, bila kupenda, kwamba kuna siku apdeti yenyewe ndiyo mbovu. Mwishoni mwa Agosti 2019, apdeti ya Windows 10 yenye namba KB4512941 ilifanya SearchUI.exe, programu ya utafutaji, ing'ang'anie prosesa kwa baadhi ya watu, na Microsoft wakakiri na kurekebisha Septemba. Lakini hata hapo dawa ilikuwa kuiondoa apdeti ile moja kupitia Settings na kusubiri nyingine. Hakukuwa na sababu ya kufuta diski.

Na kama imekwama kweli? Kipimo changu ni hiki: iache kwenye chaja usiku kucha, isilale, umeme usikatike. Asubuhi ukikuta TiWorker au svchost (programu inayobeba huduma za Windows, hapa ile ya Windows Update) bado iko palepale juu, basi sasa ni kazi ya fundi. Simamisha huduma ya Windows Update pamoja na BITS, huduma ya upakuaji, badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution zinakohifadhiwa apdeti zilizopakuliwa, ziwashe tena huduma zote mbili. Windows itaunda folda mpya na kuanza upakuaji upya. Bado? Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza fuata na sfc /scannow; zote mbili hukagua na kurekebisha faili za Windows zilizoharibika. DISM huvuta faili nzima kutoka mtandaoni, kwa hiyo hakikisha bando lipo. Faili za mteja haziguswi hata moja.

Kwa ninyi wenye mashine: kipindi cha kuandaa matokeo au kufunga hesabu, kuna kitufe cha kusitisha apdeti kwa wiki kadhaa. Kitumieni, kisha ziruhusuni kazi ikiisha. Ukiunganisha kwa simu, weka alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na apdeti nyingi hazitajivuta zenyewe.

Suala la Windows 10 kuachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, wakati mashine nyingi za hapa hazina prosesa inayokubaliwa na Windows 11, lina makala yake.

Fundi mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Kaka, kusubiri hakuna hela. Mteja analipia kitu anachokiona." Namwelewa, ana kodi ya fremu na watoto wanasoma. Basi tuanze kulipia uchunguzi. Mimi natoa elfu ishirini hiyohiyo kwa fundi atakayelaza laptopu yangu kwenye chaja, akaiangalia imalize, na kabla ya kugusa chochote akaniuliza, "Desktop kuna nini?"